Miaka mitano na kidonge cha TLD kisiwani Pemba

Kidonge ninachokitathmini hapa ni TLD, dawa ya kufubaza virusi vya Ukimwi (VVU), ambacho wengi wetu tunaohudhuria kliniki za CTC, yaani za wenye VVU, hapa Pemba tunakimeza kila siku, na wachache tu tumewahi kuelezwa kinafanya nini. Ndani yake mna dawa tatu: tenofoviri miligramu 300, lamivudini miligramu 300 na dolutegraviri miligramu 50. Tanzania ilianza kukitumia mwaka 2019, nami nilihamishiwa kwenye kidonge hicho mwaka uliofuata, baada ya miaka saba ya kutumia kile cha zamani chenye efavirenzi. Naandika, basi, kama mtumiaji wa zaidi ya miaka mitano, na pia kama mwalimu niliyesomesha biolojia katika skuli ya sekondari kwa muda mrefu, kazi iliyonifanya nisitosheke na kuambiwa "meza" bila ya kuambiwa kwa nini.

Nianze na mambo ya matumizi ya kila siku. Efavirenzi niliyokuwa nikiimeza usiku ilinipa ndoto nzito, na asubuhi niliamka kama mtu aliyeshuka botini wakati wa kusi, kichwa kinazunguka na miguu haina uhakika wa ardhi. TLD iliniondolea hayo ndani ya wiki mbili. Ilininyima usingizi mwanzoni, lakini nilipohamisha saa ya kumeza kutoka usiku hadi alfajiri usingizi ulirudi. Uzito umeongezeka kilo nane kwa miaka hii, na ingawa siwezi kuitupia dawa lawama zote, ni jambo linalojulikana kwamba watumiaji wengi wa dolutegraviri huongezeka uzito, na mtu anafaa aambiwe mapema ili ajipange kwa chakula na mwendo. Katika mwezi wa Ramadhani kidonge hiki hakina usumbufu wowote, kwa kuwa humezwa mara moja kwa saa 24 na hakichagui kama tumbo limeshiba au liko tupu; mimi hukimeza wakati wa daku, na wapo wanaokimeza baada ya kufuturu.

Lipo jambo moja la kuwa nalo makini, na mara nyingi halisemwi dirishani. Madini ya chuma, kalsiamu, na dawa za kutuliza kiungulia hushikamana na dolutegraviri tumboni, ikawa dawa haiingii katika damu kama inavyotakiwa. Mama mjamzito aliyepewa vidonge vya kuongeza damu, au mtu aliyefuturu kwa vyakula vizito akatafuna dawa ya kiungulia, anapaswa kumeza TLD saa mbili kabla ya vitu hivyo au saa sita baada yake. Vidonge vya chuma na vya kalsiamu vinaweza kumezwa pamoja na TLD iwapo mtu anakula chakula wakati huo huo. Mwenye kisukari anayetumia metformini amwambie daktari wake, kwa sababu dolutegraviri huipandisha metformini katika damu. Mwenye kifua kikuu anayetumia rifampisini huhitaji dozi ya pili ya dolutegraviri kila siku, saa 12 baada ya ile ya kwanza.

Chupa yake ni ya plastiki, nyeupe, na kasoro yake kubwa ni sauti. Ukitembea nayo mkobani inalia, na katika daladala au botini kila mwenye kuijua sauti ile anaijua. Tunaziba kwa pamba. Naliandika hili kwa uzito kwa sababu nawafahamu watu walioacha chupa nyumbani walipokwenda harusini Unguja kwa kuogopa mlio huo tu, wakakaa siku nne bila ya dawa. Katika visiwa ambavyo wenye VVU hawafiki hata mtu mmoja kwa kila watu wazima mia, na karibu kila mtu ni jamaa wa mwenzake, sauti ya chupa si jambo dogo.

Tukienda kwenye kazi yenyewe, kidonge hiki nakipa nyota nne kati ya tano, na nyota iliyobaki ndiyo iliyonifanya niandike.

Kazi yake kuu kinaifanya vizuri ajabu. Kirusi cha Ukimwi kinapoingia katika seli ya CD4, aina moja ya seli za kinga ya mwili, hunakili habari zake kutoka katika RNA hadi DNA, kisha hupandikiza nakala hiyo ndani ya vinasaba vya seli. Tenofoviri na lamivudini huziba hatua ya kunakili, na dolutegraviri huziba hatua ya kupandikiza. Milango miwili ikifungwa kwa dawa tatu kwa wakati mmoja, kirusi hakipati njia ya kujipandikiza katika seli mpya, na wingi wa virusi katika damu hushuka kwa wengi wetu chini ya nakala 50 kwa mililita ndani ya miezi michache. Mtu aliyefikia hapo na akadumu hapo hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Hilo si maneno ya kufariji. Mwaka 2011 utafiti wa HPTN 052, uliofuatilia jozi 1,763 za wanandoa na wapenzi ambao mmoja wao ana virusi, wengi wao wakiwa Afrika, ulionesha kwamba kuanza dawa mapema kulipunguza maambukizi kwa asilimia 96. Dolutegraviri ina sifa nyingine ya thamani kwetu: kirusi hupata tabu sana kujenga usugu dhidi yake. Kwa watu wenye safari nyingi na boti zisizotabirika, hiyo ni neema. Na bei yake imeshuka kiasi kwamba mwaka 2023 mfuko wa kimataifa wa kupambana na Ukimwi, kifua kikuu na malaria ulitangaza kuinunua kwa chini ya dola 45 kwa mtu mmoja kwa mwaka.

Tatizo linaanzia kwenye neno "haionekani".

Kliniki niliyokuwa nikihudhuria zamani, ambayo sitaitaja, ilinipa majibu yangu ya kwanza mazuri ya kipimo cha wingi wa virusi katika kipande cha karatasi. Muuguzi aliyachungulia, akasema, "Haionekani, endelea hivyo hivyo," akamwita mwingine. Nilitoka nikiwa na furaha na nikiwa na swali ambalo sikupata wa kumuuliza: haionekani kwa sababu haipo, au kwa sababu imejificha? Mimi niliweza kwenda kusoma. Mjomba wangu, mvuvi, ambaye alipewa jibu kama hilo kwa namna kama hiyo mwaka mmoja baadaye, alilielewa kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili timamu angelielewa. Aliondoka kwenda dago, yaani kambi ya uvuvi, upande wa bara na vidonge vya wiki mbili, na dago likachukua miezi miwili na nusu. Nilipomuuliza kwa nini hakurudi kuchukua vingine akanijibu, "Mwanangu, nimeambiwa haionekani. Kisichoonekana nakimezea dawa ya nini?" Aliporejea alikuwa amekonda, na kipimo kikaonesha zaidi ya nakala laki moja. Simlaumu hata kidogo. Aliuziwa bidhaa bila ya maelezo yake, na kosa la namna hiyo ni la mwenye kutoa huduma.

Maelezo yenyewe, kama ningekuwa nimekaa upande wa pili wa meza ile, ningeyatoa kwa mfano wa ndago, gugu la mashambani. Kila mkulima wa Pemba anaijua. Unalima, unang'oa, shamba linakuwa jeupe na mpita njia anakusifu, lakini chini ya udongo vimebaki vijitunguu vyake vidogo vyeusi, na mvua ya kwanza ikinyesha shamba linarudi kijani. Kirusi kinapoingia katika seli ya CD4 iliyo macho, seli hiyo kwa kawaida huzalisha virusi vipya kisha hufa. Chache kati yake, hata hivyo, hurudi kupumzika na kuwa seli za kumbukumbu, zile zile zinazoukumbusha mwili surua tuliyougua utotoni hata tukifika uzeeni. Zinapolala, nakala ya kirusi iliyopandikizwa ndani ya vinasaba vyao hulala nazo. Haizalishi chochote, haionekani kwa walinzi wa mwili, na dawa zetu haziigusi, kwa sababu dawa zetu huziba hatua ambazo nakala hiyo ilikwishazipita. Hayo ndiyo maficho ya virusi.

Mwaka 1997 makundi ya watafiti wa Marekani yalionesha kwamba watu waliokuwa katika dawa, na damu yao haina virusi vya kuonekana, bado walikuwa na seli za namna hii, na walipoziamsha katika maabara zilitoa virusi vizima. Ni chache mno: katika seli za CD4 zilizopumzika, ni kiasi cha moja kwa kila milioni inayoweza kutoa kirusi chenye uwezo wa kuambukiza. Nakala nyingi nyingine zilizobaki katika vinasaba, zaidi ya tisa katika kila kumi, ni mbovu zilizokatikakatika. Lakini hizo chache nzima hupungua polepole sana. Ilikadiriwa kwamba hupungua kwa nusu kila baada ya miezi 44 hivi, na kwa kasi hiyo mtu angehitaji kumeza dawa kwa zaidi ya miaka 70 ili ziishe. Ndiyo maana kidonge kikiachwa virusi hurudi, na kwa watu wengi hurudi ndani ya wiki mbili au tatu. Dago la mjomba lilikuwa refu kuliko hapo mara nne.

Kwa nini hazipungui haraka, ilhali dawa imefunga milango yote? Jibu la swali hili ndilo lililonivutia kuliko yote niliyosoma, na hapo ndago inafaa tena. Ndago haihitaji mbegu kutoka shamba la jirani ili izidi. Kitunguu kimoja huzaa kingine chini kwa chini. Mwaka 2014 watafiti walionesha kwamba seli zenye nakala ya kirusi hugawanyika zenyewe, na kila seli inapojigawa huinakili nakala ya kirusi pamoja na vinasaba vyake, hata watoto wa seli moja wakawa maelfu, wote wakiwa na kirusi mahali pale pale katika vinasaba. Hakuna maambukizo mapya yaliyotokea. Hakuna mlango uliofunguliwa. Dolutegraviri haina cha kuziba hapo.

Na miongoni mwa mambo yanayoifanya seli ijigawe ni kinga ya mwili inapoamshwa.

Mwamko wa kinga ni jambo la kawaida na la lazima. Mwanangu akipata mafua, seli zake za kinga huamka, huongezeka, hupigana, kisha nyingi hufa na zilizobaki hulala. Katika maambukizi ya VVU usingizi huo hauji. Kinga hubaki macho mwezi hadi mwezi, mwaka hadi mwaka, mfano wa moto wa makumbi ya nazi, usio na miali wala kelele, lakini ukitia mkono utaungua. Tangu miaka ya 1990 ilijulikana kwamba kiwango cha mwamko huo, kikipimwa kwa alama zinazoonekana juu ya seli za CD8, aina nyingine ya seli za kinga, hutabiri nani ataugua mapema, na wakati mwingine hutabiri vizuri kuliko wingi wa virusi wenyewe.

Unatoka wapi? Sehemu yake kubwa hutoka utumboni. Mnamo mwaka 2004 ilioneshwa kwamba katika wiki za mwanzo kabisa za maambukizi kirusi huziangamiza seli za CD4 za ukuta wa utumbo, mahali ambapo mwili umeweka sehemu kubwa ya seli hizo, na mwaka 2006 ikaoneshwa kwamba ukuta huo ukishadhoofika, vipande vya bakteria wa kawaida wa tumboni huvuja na kuingia katika damu. Kinga hukutana na vipande hivyo kila saa na haipati ruhusa ya kulala. Kirusi cha CMV, ambacho watu wengi wa huku kwetu wanacho tangu utotoni bila ya kujua, nacho huchangia.

Nitie neno kuhusu tumbili, kwa sababu sisi Wapemba tunao na tunawafukuza mashambani kila siku. Tumbili wa Afrika na kima wa aina ya mangabey wa Afrika Magharibi wanabeba virusi vya SIV, ambavyo ni ndugu wa VVU, na wanaweza kuwa na virusi vingi sana katika damu, lakini kwa kawaida hawaugui Ukimwi. Miili yao huamsha kinga katika wiki za mwanzo, kisha huizima, na kuta za matumbo yao hubaki nzima. Nyani wa Asia wanaoambukizwa virusi hivyo, ambao kinga zao hazizimiki, huugua na kufa. Sikuwahi kumtazama tumbili juu ya mwembe kwa jicho lile lile tena baada ya kulisoma hilo, kwa maana linageuza yale niliyoyasomesha kwa miaka mingi: maradhi haya yanatokana na kirusi pamoja na namna mwili unavyoshindwa kutulia mbele yake.

Sasa weka mambo hayo mawili pamoja, maficho na mwamko, na utaona kwamba yanalishana. Swichi zinazoiamsha seli ya CD4 ndizo hizo hizo ambazo kirusi kimezitumia kujiamsha, kwa hiyo seli ya kumbukumbu inapoitwa kazini, ama hutoa virusi, ama hujigawa na kuyaongeza maficho kimya kimya. Kinga iliyo macho humpa kirusi seli nyingi zilizoamka, na hizo ndizo anazozipenda. Kinga iliyochoka kwa kukesha huvaa breki, yaani protini kama PD-1 juu ya seli zake, na mwaka 2009 ilionekana kwamba seli zenye breki hizo zina sehemu kubwa ya virusi vilivyolala; breki inayoizuia seli isichoke zaidi humfunika pia mgeni aliye ndani. Kwa upande wa pili, maficho nayo hayako kimya kabisa. Baadhi ya nakala, hata zile mbovu zisizoweza kuzaa kirusi kizima, hutoa vipande vya RNA na protini, na vipande hivyo huikumbusha kinga kwamba adui bado yumo. Tezi za limfu, ambako seli hizi hukutana, hufanya makovu kwa kukesha huko, na makovu hayo huzuia CD4 zisirudi kufikia idadi ya zamani. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na majibu ya "haionekani" kwa miaka sita na CD4 zake zimekwama kwenye 300.

Ningependa kusema kwamba ukiupunguza mwamko utayapunguza maficho, na mambo yakaisha hapo, lakini uaminifu haunipi ruhusa. Mwaka 2017 huko Marekani walipimwa watu waliokuwa katika dawa kwa miaka mingi, na wingi wa maficho yao haukwenda sambamba na ukali wa mwamko wao. Kilichoonekana ni kwamba aliyeingia katika dawa akiwa na mwamko mkali alibaki na mwamko mkali, na aliyeingia akiwa na virusi vingi alibaki na maficho makubwa. Mengi, inaonekana, huamuliwa kabla ya kidonge cha kwanza kumezwa. Kwangu mimi matokeo hayo ni hoja ya kuanza mapema, na yanalingana na utafiti wa START wa mwaka 2015, ambao kati ya watu 4,685 walioshiriki, walioanza dawa mara moja walipunguziwa maradhi makubwa na vifo kwa asilimia 57 kulinganisha na waliosubiri CD4 zishuke. Wanaochelewa kupima kwa kuogopa kuonekana kliniki hulipa kwa moto utakaobaki nao hata baada ya virusi kutoonekana.

Na wanaopumzika dawa hulipa pia. Kwa wale wanaofikiri kwamba kuacha kwa mwezi mmoja au miwili ni kuupumzisha mwili, matokeo ya utafiti wa SMART yanatosha. Watu 5,472 waligawanywa, wengine wakameza dawa bila ya kukatiza, wengine wakaacha kila CD4 zilipozidi 350 na kurudia ziliposhuka chini ya 250. Utafiti ulisimamishwa mwaka 2006 kwa sababu waliokuwa wakiacha walipata maradhi nyemelezi au kufa kwa kiwango cha mara 2.6 ya wenzao. Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba waliokuwa wakiacha waliugua zaidi hata moyo, ini na figo, maradhi ambayo hatuyaiti ya Ukimwi. Alama za mwamko katika damu zao zilipanda ndani ya mwezi mmoja tu wa kuacha, na zilizopanda sana ziliendana na vifo. Mapumziko ya dawa ni mvua juu ya ndago na pumzi juu ya makumbi kwa wakati mmoja.

Hapa ndipo ninapotaka kusema neno na wauzaji wa "dawa za kuongeza kinga" sokoni na mitandaoni, na zaidi na wanunuzi wao. Habbat soda na asali ni vyakula vya heri na mimi ninavitumia. Lakini anayemwambia mwenye VVU kwamba shida yake ni kinga iliyolala inayohitaji kuamshwa amekosea mwelekeo wa tatizo. Kinga yetu haikulala, imekesha miaka. Wataalamu wenyewe walijaribu njia hiyo kwa dawa halisi ya kuamsha seli, intalukini-2, katika tafiti mbili kubwa zilizotangazwa mwaka 2009, moja yenye washiriki 4,111. CD4 zilipanda kweli kweli. Maradhi na vifo havikupungua hata kidogo. Idadi ya askari iliongezeka, mji haukupata usalama, na nikikumbuka fedha ambazo ndugu zetu wanazitoa kwa chupa zisizo na jina la mtengenezaji, naumia.

Njia nyingine, ya kuyaamsha maficho kwa makusudi ili seli zake zife huku dawa imeziba milango, ilijaribiwa kuanzia mwaka 2012. Virusi viliamka, maficho hayakupungua. Waliopona wanahesabika kwa vidole: Timothy Ray Brown, aliyepandikizwa uboho huko Berlin mwaka 2007 kutoka kwa mtu ambaye seli zake hazina mlango wa CCR5, ambao kirusi huutumia kuingilia, ndiye wa kwanza, na wengine wachache wamemfuata kwa njia hiyo hiyo ya hatari, ambayo hufanywa kwa mwenye saratani ya damu tu. Mtoto wa Mississippi, aliyepewa dawa saa 30 baada ya kuzaliwa na akakaa zaidi ya miaka miwili bila ya dawa wala virusi, virusi vilimrudia mwaka 2014. Habari ile niliisoma usiku, na niliomboleza kama vile mtoto ni wa kwetu.

Kinachoweza kufanywa leo juu ya moto uliobaki ni kuulinda mwili unaoungua. Mwaka 2023 utafiti wa REPRIEVE, wenye watu 7,769 wenye VVU kutoka nchi mbalimbali zikiwemo Uganda, Botswana, Zimbabwe na Afrika Kusini, ulionesha kwamba pitavastatini, dawa ya kushusha lehemu, ilipunguza matukio makubwa ya moyo kwa asilimia 35 kwa watu ambao kwa vipimo vya kawaida wasingepewa dawa hiyo. Katika kliniki ile ya zamani, kwa miaka yote niliyokwenda, sikupimwa presha zaidi ya mara mbili na hakuna aliyeniuliza kuhusu moyo wala sukari. Ninapohudhuria sasa napimwa kila ninapokwenda. Nashauri kila mtu aombe kipimo cha presha hata kama hakuulizwa, na anayevuta sigara aelewe kwamba anatia moto juu ya moto.

Nyota niliyoizuia, kwa hiyo, siinyimi dawa kwa sababu haiponyeshi, kwa maana haikuahidi hilo; Kiswahili chetu kimeiita dawa ya kufubaza, na jina hilo lina ukweli mwingi kuliko maelezo niliyowahi kupewa dirishani. Nimeizuia kwa ajili ya maelezo yanayokosekana kwenye chupa na midomoni. Dakika tano za mshauri nasaha mwenye kuijua ndago zingetosha kumweleza mvuvi kwamba kisichoonekana kipo, kwamba kimelala, na kwamba kidonge ndicho kinachozuia kisitawale tena.

Mjomba alirudi kwenye TLD ile ile, bila ya kubadilishiwa chochote, na baada ya miezi sita virusi vyake havikuonekana tena. Kwa dawa za zamani huenda angerudi na usugu. Msimu huu alipokwenda dago alichukua vidonge vya miezi sita, akavigawa katika chupa mbili, moja yake na nyingine kwa nahodha wao, ambaye sasa naye anajua. Pamba alitia mwenyewe.